Wanyama Barabarani: Historia Fupi ya Maigizo ya Mitaani na Mabadiliko ya Tabianchi

Mwezi Aprili 2025 kundi la wanyama wa kuundwa, wenye ukubwa unaokaribia ule wa wanyama halisi, lilianza safari mjini Kinshasa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walitengenezwa kwa maboksi na plaiwudi, na waliendeshwa na watu waliowashika kwa mikono na fito. Walipita Lagos, Dakar na Marrakesh, wakavuka bahari kuingia Ulaya, na mwezi Agosti mwaka huohuo wakafika kaskazini mwa Norwei baada ya safari ya kilomita zipatazo 20,000. Mradi huo uliitwa The Herds, yaani Makundi ya Wanyama. Ujumbe wake haukuhitaji mkalimani: wanyama wanakimbia joto.

Msomaji anaweza kudhani kuwa mnyama wa kuigizwa anayepita barabarani ni jambo la kigeni lililoletwa na wafadhili. Makala haya yanaonyesha kuwa si hivyo. Mnyama amekuwa katika uwanja wa maonyesho wa Afrika kwa vizazi vingi. Kilichobadilika ni kazi yake. Zamani mnyama alisimama badala ya binadamu ili binadamu aonywe. Leo mnyama anasimama kwa ajili yake mwenyewe. Badiliko hilo limeleta swali ambalo sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kulikwepa: ikiwa mnyama hasemi, nani ataleta maneno, na kwa lugha gani?

Mnyama katika sanaa zetu za jadi

Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana Gule Wamkulu, yaani ngoma kuu, inayochezwa na wanachama wa chama cha Nyau. Mbali na wachezaji wanaovaa vinyago usoni, kuna maumbo makubwa ya wanyama yanayosukwa kama vikapu na kufunikwa kwa majani au magunia. Umbo la tembo hubebwa na wanaume kadhaa wanaojificha ndani yake, nalo hutembea kati ya watu kana kwamba limetoka msituni. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka ngoma hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Nchini Mali, katika eneo la Ségou, vijana wa Kibamana na wavuvi wa Kibozo wana maonyesho yaitwayo Sogo bò. Maana ya jina hilo ni "mnyama anatoka". Umbo kubwa la mnyama hufunikwa kwa kitambaa au nyasi, na wachezaji waliomo ndani hulizungusha uwanjani kwa kufuata ngoma na nyimbo za wanawake. Maonyesho ya vinyago na vikaragosi ya mji wa Markala yaliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014.

Karibu nasi zaidi, Wanyankole wa magharibi mwa Uganda wana ngoma ya ekitaguriro, ambamo mchezaji huinua mikono kuonyesha pembe ndefu za ng'ombe. Nchini Rwanda wanawake hucheza umushagiriro, wakitembea polepole kwa madaha ya ng'ombe wa inyambo. Katika ngoma hizi hakuna umbo la kubeba. Mwili wa mchezaji ndio unaokuwa mnyama.

Tukija kwenye ngano, kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anawajua Sungura mjanja, Fisi mlafi na Kobe mvumilivu. Wanyama hawa wanasema, wanakopa, wanaoa na kudanganyana. Lakini tusisahau kwamba hakuna ngano iliyotungwa ili tumhurumie fisi. Fisi ni vazi tu, na anayevaa vazi hilo ni jirani yetu mwenye tamaa. Fanani alimtumia mnyama ili amseme mtu bila kumtaja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kuu ya mnyama katika ngano zetu, nayo ilikuwa kazi yenye faida kubwa kwa jamii.

Kutoka burudani hadi zana ya maendeleo

Hatua ya pili ilitokea pale wasomi walipotoka kwenye kumbi za vyuo vikuu na kuifuata hadhira ilipo. Mwaka 1965 kundi la wasafiri la Makerere, chini ya uongozi wa mwalimu David Cook, lilianza kuzunguka Uganda na Kenya likicheza tamthilia katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 1974 nchini Botswana ulianza mradi wa Laedza Batanani. Waendeshaji wake walitumia michezo mifupi, nyimbo na vikaragosi kueleza matatizo ya vijiji, na baada ya kila onyesho watu walikaa chini kuyajadili. Wengi huuhesabu mradi huo kuwa chanzo cha kile tunachokiita leo sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya namna hiyo katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Huko wanakijiji wenyewe ndio walioibua matatizo na kuyaigiza kwa ngoma na sanaa zao.

Katikati ya miaka hiyo kulitokea tukio ambalo hakuna mwalimu wa lugha anayepaswa kulisahau. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigĩkũyũ ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliipiga marufuku baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Ikumbukwe kuwa mwandishi huyo alikuwa tayari amechapisha kwa Kiingereza kazi kadhaa zenye ukosoaji mkali, naye hakuwa amefungwa kwa ajili yake. Maonyesho ya wazi katika lugha ya watu yalikuwa na uzito wa aina nyingine.

Vikaragosi navyo vilipata nafasi yake. Katika miaka ya 1990 nchini Kenya vilianza kutumika sokoni na kwenye vituo vya mabasi kuzungumzia UKIMWI na uzazi wa mpango. Sababu yake ni rahisi. Kikaragosi kinaweza kusema mbele ya mama mkwe maneno ambayo mtu mzima angeona haya kuyatamka. Neno lenyewe lina historia ya kuvutia, kwani asili yake ni Karagöz, jina la mhusika mchekeshaji wa maigizo ya vivuli ya Uturuki, ambalo lilisafiri kupitia nchi za Kiarabu hadi kwetu. Mzaha wa Waturuki ulifika pwani ukapewa ki- ya udogo, nasi tukaendelea nao.

Hata hivyo, katika kipindi hiki chote mada ilikuwa binadamu: afya yake, kilimo chake, haki zake. Mnyama, alipotokea, aliendelea kuwa msaidizi.

Dubu katika mitaa ya London

Mwezi Septemba 2012 barafu ya bahari ya Aktiki ilipungua hadi eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko chochote kilichowahi kupimwa kwa setilaiti. Dubu mweupe hutegemea barafu hiyo, maana husimama juu yake kuwawinda sili. Barafu ikiyeyuka mapema, dubu hulazimika kukaa nchi kavu muda mrefu akiishi kwa mafuta ya mwili wake.

Mwaka uliofuata, mwezi Septemba 2013, shirika la Greenpeace lilimpitisha Aurora katika mitaa ya London. Aurora alikuwa dubu wa kuundwa mwenye ukubwa wa basi la ghorofa na uzito wa tani 3 hivi, akivutwa kwa kamba na watu wengi na kuendeshwa na wengine waliokuwa ndani. Maandamano yalielekea kwenye makao ya kampuni ya Shell, ambayo wakati huo ilikuwa na mipango ya kuchimba mafuta katika Aktiki. Mwezi Desemba 2015 dubu huyohuyo alipelekwa Paris wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi.

Je, dubu alishinda? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Ni kweli kwamba mwezi Septemba 2015 Shell ilitangaza kusimamisha uchimbaji wake katika bahari ya kaskazini mwa Alaska. Lakini sababu ilizotoa ni kwamba kisima hakikuwa na mafuta ya kutosha, gharama zilikuwa kubwa, na kanuni za serikali ya Marekani hazikutabirika. Anayesema kuwa kikaragosi ndicho kilichoifukuza kampuni hiyo anasema zaidi ya ushahidi uliopo. Tunachoweza kusema ni kwamba Aurora aliwafanya watu wa mji mkubwa wamtazame mnyama ambaye wengi wao hawatamwona maishani. Wala hakuwa vazi la mtu mwingine kama Fisi wa ngano. Alikuwa dubu, na tatizo lililoonyeshwa lilikuwa la dubu.

Kutoka Kinshasa hadi Norwei

Historia ya The Herds inaunganisha nyuzi zote tulizotaja. Mwaka 1981 kundi la Handspring lilianzishwa Afrika Kusini na Basil Jones, Adrian Kohler na wenzao. Mwaka 2004 kundi hilo lilishirikiana na Yaya Coulibaly wa Mali, mrithi wa sanaa ya vikaragosi vya Kibamana, kutayarisha Tall Horse. Mchezo huo ulisimulia habari za twiga aliyetumwa na mtawala wa Misri, Muhammad Ali, kwa mfalme wa Ufaransa na kufika Paris mwaka 1827. Kwa hiyo tembo na nyati waliokuwa wakitoka uwanjani Ségou walikutana na mafundi wa Cape Town. Mwaka 2007 Handspring waliunda farasi wa mchezo wa War Horse mjini London. Farasi mmoja aliendeshwa na watu watatu waliojifunza kwanza jambo moja, nalo ni kupumua. Kikaragosi kisichopumua ni mbao tu. Kikipumua, mtazamaji huwasahau wanaokiendesha ingawa anawaona waziwazi.

Mwaka 2021 Handspring walimtengeneza Amal, kikaragosi cha msichana mkimbizi kutoka Syria chenye urefu wa mita 3.5, ambaye alitembezwa kutoka mpakani mwa Uturuki na Syria hadi Manchester, Uingereza, umbali wa kilomita zipatazo 8,000. Kiongozi wa kisanaa wa safari hiyo alikuwa Amir Nizar Zuabi, Mpalestina, naye ndiye aliyeongoza pia The Herds miaka minne baadaye. Wanyama wa awali walibuniwa na kundi la Ukwanda la Cape Town. Njiani waliongezeka wanyama wengine kulingana na mahali, na wenyeji wa kila mji walifundishwa kuwaendesha.

Uamuzi wa kuanzia Kinshasa haukuwa wa bahati nasibu. Bonde la Kongo lina msitu wa kitropiki unaozidiwa kwa ukubwa na ule wa Amazon tu, na udongo wake wa mboji umehifadhi kaboni nyingi mno. Kuanzia hapo na kumalizia kwenye barafu ni kusema kuwa moto ukiwaka upande mmoja wa nyumba, upande wa pili hauwezi kulala.

Nani atasema?

Wanyama hawa hawakupewa maneno. Walikimbia, walisimama, waliogopa, wakaendelea. Ukimya huo ndio nguvu yao. Mnyama wa ngano akisema, tunacheka kwa kuwa tunajua ni mtu. Mnyama akinyamaza, mtazamaji hulazimika kujiuliza amekuja kutafuta nini. Aidha, ukimya uliwawezesha kupita katika nchi ambazo watu wake hawaelewani kwa lugha.

Lakini ukimya una hatari yake. Maonyesho makubwa ya barabarani hupita kama msafara wa harusi: watu hutoka nje, hupiga picha, hurudi ndani. Laedza Batanani na Malya walikuwa na kitu ambacho si rahisi kundi linalopita njia kukifanya, yaani kukaa chini na kuzungumza baada ya mchezo. Hapo ndipo mtazamaji hugeuka mshiriki.

Tuchukue mfano wa karibu. Mwezi Novemba 2022, wakati wa ukame ambao haukuwahi kuonekana kwa miaka 40, serikali ya Kenya ilitangaza kuwa katika muda wa miezi tisa walikufa tembo 205, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, nyati 51, twiga 12 na pundamilia 49 wa aina ya Grevy, ambao ni adimu sana duniani. Hao ni wanyama ambao maonyesho ya mitaani yangeweza kuwalilia. Lakini katika maeneo hayohayo wafugaji walipoteza mifugo yao, na kwa Kenya peke yake idadi ilizidi milioni 2. Mfugaji wa Samburu, Turkana au Karamoja aliyezika ng'ombe wake wote, akiletewa tembo wa maboksi na kuambiwa amhurumie, ana haki ya kuuliza: na ng'ombe wangu je? Tembo na ng'ombe walikuwa wakigombea kisima kilekile. Maonyesho yasiyolijua hilo yatamfanya mwenyeji aone kuwa mnyama wa porini anathaminiwa kuliko yeye.

Kwa maoni yangu, hili ndilo fundisho kubwa la historia hii. Mnyama anyamaze, lakini watu waseme. Na ili waseme, yafaa mazungumzo yawe katika lugha wanayoimiliki. Hata istilahi zetu zinahitaji kazi hiyo. Tunatofautisha darasani "hali ya hewa", yaani mvua na jua la leo au juma hili, na "tabianchi", yaani wastani wa miaka mingi, ambao kwa kawaida wataalamu huupima kwa miaka 30. Neno tabianchi limeundwa vizuri, kwa kuwa linasema nchi ina tabia yake, na tabia hiyo inaweza kubadilika kama ya mtu. Lakini neno likibaki kwenye vitabu na warsha, mfugaji atabaki na "mvua zimekataa", nasi tutabaki na istilahi. Pale onyesho linapomalizika na mzee akasimama kueleza kuwa zamani swala walikuja mtoni mwezi fulani na sasa hawaji, tabianchi inapata maana yake.

Wenzetu wa milima ya Rwenzori wanajua hayo. Mwaka 1906 barafu ya mlima huo ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 6.5, na kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Wakonjo wana neno lao la kale, Nzururu, kwa theluji ile. Neno hilo laweza kubaki bila kitu cha kuelezwa nalo.

Nini kifanyike darasani?

Idara za Kiswahili katika nchi zetu zina nafasi nzuri sasa. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Aidha, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na siku hiyo haipaswi kuishia kwenye hotuba na mashairi ya ukumbini. Tunapendekeza mpango mdogo ufuatao kwa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 30 au 40.

Kwanza, wanafunzi wachague mnyama mmoja tu wa eneo lao, wa porini au wa kufugwa, na wawaulize wazee habari zake: jina lake katika lugha za hapo, alikuwa akionekana wapi na lini. Mahojiano yaandikwe kwa Kiswahili. Hilo peke yake ni zoezi zuri la tafsiri.

Pili, mnyama aundwe kwa vitu vinavyopatikana: maboksi ya dukani, magunia, fito, katani na waya. Waendeshaji wajifunze kwanza kupumua pamoja, kama walivyofanya wale wa farasi, kabla ya kujifunza kutembea.

Tatu, mnyama asiseme. Maneno yawe ya wahusika wanaomzunguka, kama vile mfugaji, askari wa wanyamapori, muuza mkaa na mtoto. Kila mmoja apewe hoja yenye nguvu, kwa maana mchezo ambao muuza mkaa ni mjinga tu hautamshawishi muuza mkaa aliye katika hadhira.

Nne, onyesho lisizidi dakika 20, na majadiliano yapewe muda usiopungua huo. Mwezeshaji awe mwanafunzi anayeijua pia lugha ya mahali, ili anayekwama katika Kiswahili asinyamazishwe. Tusisahau pia kupata kibali mapema. Hapa Uganda, mwenyekiti wa LC na polisi wapewe taarifa, kwa kuwa mnyama mkubwa barabarani huvuta watu na kuzuia magari.

Hitimisho

Tumeona kuwa mnyama wa maonyesho ametembea mwendo mrefu. Alitoka katika uwanja wa Nyau na Sogo bò, akasimama kando wakati sanaa za maonyesho zilipoishughulikia afya na haki za binadamu, akarudi barabarani akiwa dubu wa London, na hatimaye akawa kundi lililotoka Kinshasa kuelekea kwenye barafu. Tumeona pia kuwa maonyesho peke yake hayathibitishiki kuwa yamefunga kisima cha mafuta. Uwezo wake ni kuwakusanya watu mahali pamoja na kuwapa jambo la kuzungumzia.

Kinachofuata baada ya hapo ni kazi ya lugha. Kundi likishapita, wanaobaki ni wenyeji, mifugo yao, wanyamapori wanaoshiriki nao kisima, na swali la kuamua watagawanaje maji mwaka mvua zitakapokosekana tena. Wanafunzi wetu wakiweza kuongoza mazungumzo hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, watakuwa wameifanya fasihi ya maonyesho kuwa na faida nje ya chumba cha mtihani.